Mwenye Jibu Awe wa Kwanza Kulijua

Mwaka 1999, siku ya kufungua shule baada ya likizo ya Juni, wasichana wa kidato cha tatu tulipangwa foleni kwenye veranda ya bweni. Matranka yalikuwa bado hayajafunguliwa. Ndani ya chumba cha matroni palikuwa na kitanda kimoja, na mlangoni ilitundikwa kanga juu ya kamba ya katani. Unaingia, unalala chali, unapandisha blauzi, muuguzi anakubonyeza chini ya kitovu kwa vidole vinne, anaandika kitu kwenye daftari la kaunta, unatoka. Hakuna aliyetuuliza kama tumekubali kupimwa. Wala hatukuambiwa kinachoandikwa.

Shoga yangu, ambaye tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu, alikuwa mbele yangu kwa watu watatu. Aliingia, akakawia. Kanga ilipofunuliwa, aliyetoka ni matroni, akashika njia moja kwa moja kwenda ofisini kwa mkuu wa shule. Sisi wa kwenye foleni tukaelewa. Mwenye tumbo lake alikuwa bado amelala kitandani, anangoja kuambiwa ashushe blauzi.

Baadaye sana aliniambia kwamba tangu katikati ya likizo alikuwa na wasiwasi, ila hakuwa na wa kumuuliza, na hakujua kama kuna kitu msichana anaweza kujipimia mwenyewe. Habari ya mwili wake ilimfikia ikiwa imekwisha kupita kwa muuguzi, matroni, mkuu wa shule na sisi wote tuliosimama verandani. Saa kumi jioni tranka lake lilikuwa juu ya basi.

Nimeikumbuka foleni ile kila ninapozungumza na mabinti wa leo kuhusu hofu ya mimba. Mengi yamebadilika, vipimo vimejaa madukani, hata amri ya serikali imegeuka. Lile ninalolitazama mimi ni mpangilio wa kupashana habari: nani anajua kwanza, nani anafuata, na nani anakuwa wa mwisho.

Hofu yenyewe haijabadilika hata kidogo. Msichana anahesabu siku kwa vidole chini ya dawati, anarudia, anapata hesabu nyingine. Siku zake zilitakiwa zije Jumatatu, leo Ijumaa. Kila akienda chooni anajitazama. Matiti yanamuuma, lakini matiti huuma hata hedhi inapokaribia. Kichefuchefu huja na mimba, na pia huja na njaa, na malaria, na hofu tupu. Dalili za mwanzo za mimba na dalili za hedhi iliyo njiani zinafanana kama shilingi kwa ya pili, na anayezitafuta usiku wa manane, peke yake, atazipata zote.

Kuna jambo ambalo hofu ile haimruhusu alikumbuke. Miaka miwili mitatu ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, hedhi haifuati kalenda ya mtu. Mwezi huu mzunguko ni siku 24, mwezi ujao 40, na mwili ni mzima. Homa, safari, mitihani, kukonda ghafla, yote yanaweza kusogeza siku. Basi kupitisha siku tano si hukumu. Na kwa sababu hiyohiyo, ile hesabu ya "siku salama" wanayofundishana mabwenini ni ya hatari kwa msichana wa miaka 16, maana inamtaka ajue mapema siku ambayo hata mwili wake haujaamua. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili hadi siku tano zikilingoja yai. Mara moja inatosha. Mara ya kwanza inatosha. Kuruka, kuoga au kwenda haja ndogo baada ya tendo hakuzuii kitu.

Wako pia wanaoteseka bure kabisa. Binti mmoja wa Tanga aliniuliza, macho yakiwa chini, kama mtu anaweza kupata mimba kwa kukaa kwenye kiti cha daladala alichotoka kukalia mwanamume. Nilimwambia hapana. Haiingii kwa kiti, kwa taulo, kwa choo cha kuchangia, wala kwa busu. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Alikuwa na wiki tatu amelibeba swali hilo, na nyumbani kwao kuna mama, shangazi na dada wawili.

Zamani Pwani kazi ya kujibu maswali kama hayo ilikuwa na mwenyewe. Mwari alikuwa na kungwi wake, au somo, mtu mzima asiye mama yake, ambaye aliruhusiwa kutamka yale ambayo mama hawezi kuyatamka. Sisemi unyago wote ulikuwa mwema. Yapo mafundisho ndani yake ambayo nisingependa mwanangu ayapate. Ila binti alikuwa na mtu wa kumwendea bila kuandikwa kwenye daftari. Leo nafasi ya somo, kwa wengi, imeshikwa na dada wa duka la dawa.

Jumamosi moja nilimwomba mmoja wao, huko Mbagala, aniruhusu nikae nyuma ya kaunta yake. Ni duka la dawa muhimu, katika mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ukaenea nchini. "Anayetaka kipimo haji akakitaja," aliniambia. "Anaanza na Panadol."

Na kweli. Karibu saa nne aliingia binti aliyevaa dera la bluu na mtandio, akataka Panadol mbili. Akapewa. Akauliza pedi bei gani, akaambiwa. Akatazama pipi. Wateja watatu walikuja wakahudumiwa wakaondoka, yeye bado anazitazama zile pipi. Duka lilipobaki tupu akasogea, akasema kwa sauti ya kusikika na kaunta tu: "Anti, na kile cha kupimia."

Dada hakuuliza cha kupimia nini. Alichomoa pakiti bapa kutoka kwenye droo ya chini, akakata kipande cha gazeti, akaifunga, akaiweka kwenye mfuko uleule wa Panadol. Halafu akaanza kueleza kwa sauti ileile anayoelezea dozi ya kikohozi, hata mpita njia asingejua. "Kesho ukiamka, mkojo wa kwanza, kabla hujanywa maji. Kinga kwenye kikopo kisafi. Utachovya mpaka kwenye ule mstari uliochorwa, usiuvuke. Ukitoe, ukilaze, uhesabu dakika tano. Ukitoka mstari mmoja kwenye C, hakuna kitu. Miwili, hata wa pili ukiwa mwembamba, ndiyo. Pasipotoka chochote kwenye C, kimeharibika, utanirudishia nikupe kingine. Ukikiacha nusu saa ndiyo ukisome, kitakudanganya." Binti akatoa noti ya elfu moja. Alipofika mlangoni dada akaongeza: "Ukiona hukielewi, njoo nacho. Ukiogopa kuja, mtume mwenzio, mdogo wangu. Mimi sitauliza ni cha nani."

Nimeshaona kinyume chake. Duka jingine, ambalo silitaji, muuzaji alimgeukia mwenzake aliyekuwa stoo akapaza sauti: "Vile vipimo vya mimba viko wapi?" Foleni nzima ikageuka. Msichana aliyekuwa ameulizia alitoka bila kununua, na wala sijui alikwenda wapi.

Wengi hukosea siku ya kupima. Kipimo kinatafuta homoni moja, hCG, ambayo mwili huanza kuitoa yai lililorutubishwa likishajishikiza kwenye mji wa mimba, jambo linalochukua kama siku 6 hadi 12. Anayepima siku ya tatu baada ya tendo anapima hofu yake. Ataona mstari mmoja, atafurahi, na furaha hiyo haina msingi. Wakati mzuri ni kuanzia siku hedhi ilipotakiwa kuja. Ambaye hedhi yake haina siku maalumu ahesabu siku 21 tangu alipokutana na mwanamume mara ya mwisho bila kinga. Ikitoka hapana na hedhi bado haiji, arudie baada ya wiki moja.

Ambaye bado yuko ndani ya siku tatu ana njia nyingine: vidonge vya dharura, ambavyo mtaani huitwa P2. Vinatakiwa ndani ya saa 72, na kadiri vinavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri zaidi. Vinachelewesha yai kutoka. Havitoi mimba iliyokwisha kushika. Navyo vyenyewe vinaweza kuvuruga tarehe ya hedhi inayofuata, jambo ambalo msichana asipoambiwa litamrudisha kwenye kalenda yake akitetemeka. Na hakuna kati ya hivi kinachosema lolote kuhusu virusi vya Ukimwi au magonjwa mengine ya zinaa. Hayo yana kipimo kingine.

Kabla ya karatasi hii ya shilingi elfu moja, jibu lilitoka kwa chura. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi Mwingereza Lancelot Hogben, aliyekuwa amefundisha Cape Town, aligundua kwamba chura jike wa Afrika Kusini akichomwa sindano ya homoni hutaga mayai. Ikawa mkojo wa mwanamke unapelekwa maabara, chura anachomwa, wanangoja. Akitaga, mwanamke ana mimba. Vyura hao walisafirishwa kwenda hospitali za ng'ambo kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1960. Jibu lilipopatikana lilipewa daktari, na daktari ndiye aliyeamua lini na vipi mwanamke aambiwe. Mwaka 1967 mbunifu mmoja wa Marekani, Margaret Crane, alipita kwenye maabara ya kampuni ya dawa aliyokuwa akiifanyia kazi, akaona mirija ya kupimia mimba imepangwa mstari, akajiuliza kwa nini mwanamke asijifanyie mwenyewe nyumbani. Wakubwa zake hawakulipenda wazo hilo. Ilichukua karibu miaka kumi kipimo cha nyumbani kuanza kuuzwa kwao. Kilichowatia wasiwasi ni kwamba mwanamke angelijua jibu kabla ya daktari wake.

Kwetu wasiwasi wa namna hiyo uliwekwa kwenye kanuni. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zilimruhusu mkuu wa shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikasomwa humo, hata bila kuandikwa kwa jina. Ndipo upimaji wa lazima ulipopata nguvu: kubonyezwa tumbo, au kukojoa kwenye kikopo mbele ya mwalimu. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alisema kwamba katika uongozi wake hakuna aliyepata mimba atakayerudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, waliopata ujauzito wakiwemo, wanaweza kurudi. Mwaka uliofuata, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililopelekwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, iliitaka Tanzania ipige marufuku upimaji wa lazima shuleni.

Mlango wa kurudi umefunguliwa, nami nashukuru kwa moyo wote. Lakini waraka wa kurudi darasani unamhusu msichana ambaye habari yake imekwisha julikana. Yule wa kabla ya hapo, aliye kati ya kupitisha siku na kupata jibu, hana waraka.

Na ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba, kutoka asilimia 27 ya utafiti wa 2015-16. Hao ni waliopata. Walioogopa kuwa wamepata, wakalala macho wiki mbili kisha hedhi ikaja, hawajahesabiwa na mtu.

Katika wiki hizo ndipo madhara hutokea. Majani ya chai yaliyokolezwa mpaka kuwa meusi, bluu ya kufulia, vidonge vilivyomezwa ovyo kwa ushauri wa rafiki wa bwenini. Wapo wanaokunywa kwa sababu wana mimba. Wapo wanaokunywa kwa sababu wanaogopa kwamba wanayo, na hawana. Jibu la dakika tano lingewaepusha na kitanda cha hospitali.

Na kwa yule ambaye jibu lake ni ndiyo, kulijua mapema ni uhai. Mama mwenye umri mdogo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba kuliko mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Anatakiwa kliniki ndani ya wiki 12 za mwanzo, apimwe damu na shinikizo, apewe vidonge vya kuongeza damu. Akisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo huku anatokwa na damu, asingoje kesho, aende hospitali, kwa kuwa mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wake. Anayeficha chini ya sweta la shule hufika mwezi wa sita au wa saba, na mengi ya kuzuilika yamepita.

Ila sasa mtazame anapofika. Katika baadhi ya vituo vya afya mama anayekuja kliniki mara ya kwanza huulizwa mwenzi wake yuko wapi, kwa nia njema ya kuwapima wote wawili virusi vya Ukimwi. Asiye na mwenzi huambiwa akalete barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Msichana wa miaka 17 ambaye hajamwambia hata mama yake anatakiwa aende uwanjani kwa mwenyekiti, ambako kuna bao na wazee wanne, aombe barua ya kusema hana mume! Ni mpangilio uleule wa kule verandani, umehamia mtaani na umepigwa muhuri. Mwingine akiambiwa hivyo anaitika, anatoka, harudi tena.

Taifa hili limeshaonyesha kwamba linaweza kufikiri vinginevyo. Novemba 2019 Bunge lilibadili sheria ya Ukimwi, kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima virusi bila idhini ya mzazi, na mtu kujipima mwenyewe kukahalalishwa. Tuliona kwamba kijana anayejua ataanza dawa, na anayeogopa kumwomba baba ruhusa hatapima kabisa. Kama tunamwamini wa miaka 15 kwa jibu zito kiasi hicho, sioni kwa nini tumnyime heshima hiyohiyo kwenye jibu la mimba.

Wazazi huniuliza, na wana haki ya kuuliza: siri ya jibu hilo haitamlinda mbakaji? Nimelifikiria sana swali hili. Kwa sheria zetu anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 ana kesi ya kujibu, na tangu 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Siri ninayoitetea haimfuniki mjomba, mwalimu wala dereva wa bodaboda. Binti aliyelazimishwa anahitaji kufika kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa vidonge vya kuzuia mimba na dawa za kujikinga na virusi, na anahitaji dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu namba 116 ya msaada kwa mtoto hailipiwi. Lakini nimewasikiliza wasichana wengi, na waliosema walisema kwa mtu mmoja waliyemwamini kwanza. Muuguzi aliyewaambia tangu mwanzo, "Nitakutunzia haya, ila likiwepo la mtu mzima kukuumiza nitakuwa sina budi kuita msaada, na nitakwambia kabla sijaita," ndiye aliyelipata jina. Waliobonyezwa tumbo kwenye foleni walitaja mtu yeyote aliyewajia mdomoni, au walinyamaza.

Wavulana nao wasisahaulike. Kijana wa kidato cha nne, mwenye mpenzi wa darasa lake, ana hofu yenye miaka 30 juu yake. Huyo hutuma rafiki akanunue kipimo, au hukimbia mkoa kabla hata mstari haujatoka. Binti anabaki na kikopo chake.

Mwezi uliopita nilipita Muheza kumtembelea shoga yangu wa kitanda cha chini. Hakurudi shule, waraka wa 2021 ulimkuta ana watoto wanne na biashara ya machungwa kando ya barabara. Kitinda mimba wake ni binti, yuko kidato cha nne. Tukiwa tunapanga machungwa mafungu mafungu aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba mwezi ule wa mfungo binti alimfuata jikoni alfajiri, baada ya daku, akiwa na kitu amekizungushia karatasi ya chooni. "Mama, nimepima. Nilitaka nikwambie mwenyewe." Akamkabidhi mkononi.

"Nikakaa chini palepale kwenye kibao cha mbuzi," alisema. "Nikafurahi kabla sijafungua. Kule kunijia mimi tu, nikafurahi."

Nikamuuliza kilikuwa na mistari mingapi.

Aliweka chungwa la tano juu ya fungu, akalizungusha lisidondoke. "Hilo halikuwa la kwangu kukwambia, shoga," akasema. "Muulize mwenyewe akitoka shule."